Kanzu, Buibui na Mlango wa Afisi

Jumapili moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimeketi barazani nikinywa kahawa, akaja binti wa jirani yangu na bahasha ya kaki kwapani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Wasemaje?"

Alikuwa na jambo. Tangu amalize masomo yake ya uhasibu, miaka miwili sasa, alikuwa akipeleka barua za maombi ya kazi kila pembe ya Mombasa bila ya jawabu. Ghafula ameitwa kwenye mahojiano mara mbili katika juma moja: Jumanne hoteli ya kitalii upande wa kaskazini, na Alhamisi afisi ya kutoa mizigo bandarini. Nilidhani ataniuliza habari ya barua au mshahara. Akaniuliza: "Ami, niende nimevaa nini?"

Mamake amemwambia avae buibui lake kama siku zote, kwani riziki mpaji ni Mungu. Shoga yake aliyeajiriwa Nairobi amemwambia kwamba akienda na buibui hatavuka meza ya mapokezi. Yeye amemshauri aazime suti, kichwa akiache wazi siku hiyo moja tu, na akishaipata kazi ndipo ajifunike. Binti wa watu amesimama katikati ya wawili hao, na usingizi haupati.

Najua kwamba wasomaji wangu wengi wameliona jambo hili majumbani mwao, kama si kwa binti ni kwa mvulana na kanzu yake au ndevu zake. Watoto twawapeleka chuoni wakasoma Msahafu, twawapeleka skuli wakasoma hesabu, lakini hatuwaambii kwamba afisi nayo ina sheria yake ya mavazi, na kwamba sheria hiyo aghalabu haikuandikwa popote. Tangazo la kazi hutaja vyeti, umri na ujuzi. Kuhusu vazi husema tu kwamba mtu awe nadhifu, au lisiseme neno. Siku ya mahojiano kijana huhukumiwa kwa sheria ambayo hakusomewa.

Kuhukumiana kwa nguo si jambo geni kwetu sisi watu wa pwani. Zamani za utumwa, vazi lilikuwa ndicho cheti cha mtu. Mtumwa alifungwa shuka ya merikani au kaniki, na kuvaa kofia na viatu mbele ya waungwana hakuruhusiwa. Utumwa ulipokomeshwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani yetu ya Kenya mwaka 1907, wengi walioachwa huru, hasa kule Unguja, walilionyesha jambo hilo kwanza kwa nguo. Wanaume walivaa kanzu na kofia, na wanawake wakavaa leso, na baadaye buibui. Kwao buibui halikuwa kifungo kama wanavyodhani wageni wengi. Lilikuwa ni alama kwamba mwanamke huyu sasa ni mtu mwenye heshima yake.

Mkoloni alipofungua afisi zake alikuja na vazi lake: shati la kola, suruali na tai. Nguo iliyoshonwa kwa baridi ya London ikafungwa shingoni mwa karani wa Mombasa katika joto la mwezi wa Februari. Liwali na kadhi walibaki na joho na kilemba. Kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu alivishwa mtumishi wa nyumbani na mtumishi wa hoteli, achukue sinia. Hapo ndipo kanzu yetu, ambayo ni nguo ya Idi, ya harusi na ya mimbari, ilipogeuzwa machoni mwa wenye afisi ikawa nguo ya boi. Mpaka leo ziko hoteli ambazo huona kanzu na kofia ni pambo zuri maadamu mvaaji ameshika birika la kahawa, lakini huona ni kituko akija nayo mtu anayeomba kazi ya hesabu.

Wala mambo haya hayakuisha na Uhuru. Mwezi wa Novemba 1923 ungekuwa mbali. Nasema Novemba 2023, juzi tu, Spika wa Bunge letu la Taifa, Mheshimiwa Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni. Mbunge mwanamume alitakiwa awe na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Suti yenyewe ilipata jina lake kutokana na Rais wa kwanza wa Zambia huru, na Rais William Ruto alikuwa ameipenda akiivaa mara kwa mara. Ikiwa watunga sheria wenyewe, na vazi la Rais wao, wanaweza kurudishwa mlangoni, binti yetu na bahasha yake ya kaki atafanya nini? Lakini iko tofauti moja, nayo ni kubwa: Spika alisema hadharani, na kila mbunge akajua. Mwombaji kazi haambiwi.

Mimi mwenyewe yalinifika. Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi, niliitwa kwenye afisi moja ya mjini kwa kazi ya ukarani. Marehemu mama alinipigia pasi kanzu nyeupe, nikavaa kofia ya vito na makubadhi, nikajifukiza udi. Kwetu, hayo ndiyo mavazi ya kumwendea mkubwa. Bwana aliyenihoji alinitazama toka utosini hadi nyayoni, akaniuliza kama nimepotea njia ya msikiti. Wenziwe wakacheka. Maswali ya kazi niliulizwa mawili tu, kisha nikaambiwa nitaletewa barua. Barua hiyo naingoja hadi leo.

Kwa miaka mingi nilisema nilidhulumiwa, na kwa hakika neno lile lilikuwa la dhuluma. Lakini nilipokua niliona na kosa langu. Niliingia pale sijauliza lolote, nikidhani kwamba heshima ya kwetu inajulikana na kila mtu. Mimi kwa kanzu yangu nilisema, "Bwana, nakuheshimu." Yeye alisikia, "Bwana, sikuja kufanya kazi." Hakuna aliyemwelewa mwenziwe, na aliyerudi nyumbani mikono mitupu ni mimi.

Kwa hivyo nimekuja kuamini jambo moja, nalo ndilo nililomwambia binti yule: usiitii sheria ya mavazi wala usiipinge kabla hujajua sababu yake. Sheria hizi ukizichambua utaziona ni za namna tatu, na kila namna ina jawabu lake.

Namna ya kwanza ni zile za kulinda uhai. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga panapo hatari, na yamtaka mfanyakazi ayavae. Bandarini, helmeti, viatu vyenye ncha ya chuma na kizibao kinachong'aa si mapambo; dereva wa mashine ya kunyanyulia makontena asipokuona, amekuua. Kiwandani, mashine inayozunguka haiulizi dini ya mtu, ikikamata ncha ya buibui au mkono mpana wa kanzu yavuta nguo na mwenye nguo. Hapa hapana ubishi. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu ya dini. Hata hivyo, kujua sababu hufungua njia. Shungi fupi iliyofungwa vizuri na kuchomekwa ndani ya kola yaingia chini ya helmeti bila taabu. Na jikoni, ambako mpishi yeyote hutakiwa afunike nywele, mwenye shungi amekwisha kuitangulia sheria.

Mfano mzuri watoka Uingereza. Hospitali za huko ziliamuru wauguzi na madaktari wawe na mikono wazi toka kiwikoni kwenda chini, ili waoshe vyema wasieneze maradhi. Wanawake wa Kiislamu waliona uzito. Haikuwa lazima upande mmoja ushinde na mwingine ushindwe, kwa sababu shabaha ya amri ilikuwa usafi, si kuvua watu nguo. Mwaka 2010 mwongozo wa wizara yao ya afya ulikubali mikono ya nguo ya kuvaliwa mara moja na kutupwa. Waliposhika sababu, ufumbuzi ulipatikana.

Namna ya pili ni sheria za utambulisho, yaani sare. Askari, karani wa benki, mhudumu wa hoteli, hata utingo wa matatu na sare yake ya rangi ya damu ya mzee tangu kanuni za mwaka 2004, wote huvaa ili mteja ajue nani wa kumwendea. Sare haigombani na sitara kwa asili yake. Mikono yaweza kurefushwa, sketi ikashushwa, shungi ikakatwa kwa kitambaa cha rangi ile ile ya sare. Hili ni jambo la kuzungumzwa, na mwajiri mwenye akili hulikubali kwa gharama ya yadi moja ya nguo.

Namna ya tatu ni sheria za ladha ya mwenye kazi. Huyu hapendi ndevu, yule apenda wasichana wake waonyeshe nywele, mwingine aona kanzu ni ushamba. Hapa ndipo penye dhuluma nyingi, na ndipo mtu apaswapo kuijua haki yake.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, yakataza ubaguzi na kutaja sababu moja moja. Dini imo, na mavazi yametajwa kwa jina lake. Kifungu cha 32 chasema kwamba mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yamkataza mwajiri kumbagua hata yule ambaye bado anaomba kazi, isipokuwa pale ambapo kazi yenyewe kwa asili yake yahitaji sharti fulani. Hilo neno la mwisho ndilo mlango wa hoja zote: je, kazi hii yahitaji kweli, au ni ladha ya bwana tu?

Lakini tusijidanganye kwamba mambo yamekwisha kunyooka. Katika kesi ya wasichana wa shule moja ya Isiolo waliotaka kuvaa hijabu pamoja na sare, Mahakama ya Rufaa iliwapa haki mwaka 2016. Mwezi wa Januari 2019 Mahakama ya Juu iliitangua hukumu hiyo, kwa hoja ya namna dai lilivyoletwa mahakamani. Ile ilikuwa ni shule, si kazi, lakini ina funzo: haki iliyoandikwa yataka iombwe kwa utaratibu wake, la sivyo hupotea njiani.

Na iko kesi nyingine, ya mbali, ambayo kila mwombaji kazi yafaa aisikie. Mwaka 2008 msichana mmoja wa Kiislamu katika mji wa Tulsa, Marekani, aliomba kazi ya kuuza katika duka la nguo la Abercrombie & Fitch. Alikwenda kwenye mahojiano amejifunga mtandio mweusi. Aliyemhoji alimpenda na kumpa alama za kutosha kuajiriwa. Kampuni hiyo ilikuwa na kanuni ya sura na mavazi iliyokataza kofia. Mwulizaji hakumuuliza habari ya mtandio, na msichana hakujua kwamba uko mgogoro. Mkubwa wa kazi alipoambiwa, alisema mtandio wavunja kanuni. Alama zikapunguzwa, na kazi akanyimwa. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na mwezi wa Juni 2015 majaji 8 dhidi ya 1 walisema kwamba mwajiri hawezi kujitetea kuwa hakuambiwa rasmi, ikiwa kilichomsukuma kumkataa mtu ni kukwepa kumpa nafasi ya dini yake. Msichana alishinda, lakini baada ya miaka saba. Na yote yalianza kwa kimya cha pande mbili ndani ya chumba kimoja.

Sasa nije kwetu, maana haki ya mtu haikamiliki asipojua anachokidai. Lazima tutenganishe lililo faradhi na lililo mazoea. Sura ya Al-Aaraf imetaja vazi kuwa ni la kusitiri na la kujipamba, kisha ikaliweka juu yake vazi la uchaji Mungu. Sitara basi ndiyo amri, na buibui jeusi ni namna moja ya kuitimiza. Bibi wa bibi zetu walijisitiri kwa ukaya na leso kabla ya buibui kuenea, na mabibi wakubwa wa Lamu walikuwa wakitembea ndani ya shiraa. Hakuna aliyesema kwamba hawakuwa Waislamu. Binti aliyevaa sketi ndefu pana, blauzi ya mikono mirefu isiyobana, na shungi safi, amejisitiri. Ama kuhusu nikabu, wanavyuoni wamekhitalifiana. Mwenye kuivaa amwulize shekhe wake kabla ya kuomba kazi, si baada ya kuipata.

Kwa mwanamume jambo ni jepesi zaidi. Kanzu ni sunna ya kwetu na fahari yetu, na katika afisi za serikali kule Muscat ndiyo nguo ya kazi ya Mwomani. Lakini aliyevaa suruali pana na shati hakupungukiwa na dini yake. Kijana wangu, kama una nguvu ya kujadiliana na mwajiri, usiimalize kwenye kanzu. Iweke akiba kwa ruhusa ya sala ya Ijumaa, maana hiyo ndiyo faradhi.

Ushauri wa yule shoga wa Nairobi ndio niliouona mbaya kuliko wote. Kuacha kichwa wazi siku moja ili upate kazi, kisha ujifunike, ni kumwonyesha mtu bidhaa moja na kumletea nyingine. Siku utakapokuja na shungi, mwajiri atasema umembadilikia, na atakuwa na la kusema. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Yanayofaa kufanywa ni machache na hayagharimu. Siku mbili kabla ya mahojiano, nenda ukasimame karibu na afisi ile saa ya kufungua, uangalie wanaoingia wamevaaje. Msalimie bawabu, yeye huwajua wafanyakazi wote na hujua nani hurudishwa mlangoni. Kazi ikiwa ya sare, piga simu uulize waziwazi: "Mimi ni Mwislamu na hujifunika kichwa. Je, sare yenu ina nafasi ya shungi?" Ikiwa haina sare, vaa sitara yako nadhifu na usiiombee radhi. Nguo yenyewe si lazima iwe ya duka kubwa. Mitumba ya Kongowea na fundi cherehani wa mtaani wametuvisha wengi. Iwe imefuliwa, imepigwa pasi, rangi yake imetulia, na viatu viwe vya kufunika vidole. Udi uwe kidogo. Chumba cha mahojiano si chumba cha harusi.

Ukikataliwa kwa sababu ya vazi, usitukane wala usilie pale. Uliza sababu kwa adabu, kisha ukitoka andika tarehe, jina la aliyesema, na maneno yake kama alivyoyasema. Karatasi hiyo ndiyo itakayokusaidia mbele ya afisa wa kazi au mahakama ya ajira, ambayo hukaa hapa hapa Mombasa. Maneno matupu ya barazani hayajamrudishia mtu kazi.

Na nyinyi mabwana waajiri, nanyi mna neno lenu. Andikeni sheria zenu za mavazi katika matangazo yenu, pamoja na sababu zake. Mtu aliyetoka Kwale kwa nauli ya kukopa hastahiki kuambiwa mlangoni lile ambalo mlilijua tangu mwezi uliopita. Na sheria ambayo mwaona haya kuiandika, yumkini ni kwa kuwa haina sababu.

Binti wa jirani yangu alifanya kama tulivyoshauriana. Jumatatu aliipigia simu ile hoteli. Akajibiwa, kwa upole lakini bila kificho, kwamba hata mhasibu wao huvaa sare ya mikono mifupi na kichwa wazi, na kwamba haina mabadiliko. Aliuliza sababu, asipewe. Ameyaandika maneno hayo na tarehe yake, na babake sasa anatafuta wakili wa kumwonyesha. Alhamisi alikwenda bandarini na sketi yake ndefu, koti, na shungi ya rangi ya samawati. Walimwuliza kama siku za kuhesabu mizigo uwanjani atakubali kuvaa helmeti, kizibao na viatu vya chuma. Akawajibu kwamba amekwisha kuijaribu helmeti ya kaka yake juu ya shungi, na yakaa vyema. Wakacheka, lakini safari hii kilikuwa kicheko cha wema.

Jawabu la kazi hiyo bado linangojwa ninapoandika haya. Alipata au akakosa, ameingia mlango ule akijua kwa nini amevaa alichokivaa, na hilo mimi katika umri wake sikulijua. Nawaachia ubeti mmoja:

Vazi ni kama barua, husomeka mlangoni,
Ulizeni mkajua, sababu yake ni gani,
La haki mkichukua, dhuluma ikataeni,
Sitara haina duka, ni hazina ya moyoni.